Steringi wa Utoto Wetu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Inachapishwa hapa kwa maombi ya wanachama.)



 Katibu wa Umoja wetu aliponiandikia barua aliniachia uhuru wa kuchagua mada, ila alinionya nisizungumzie taratibu za kazi serikalini, kwa kuwa wakati huo watu watakuwa wameshiba pilau na watasinzia. Nimetii agizo hilo. Jambo nililolichagua huenda baadhi yenu mkaliona la kitoto. Nataka kuzungumza juu ya filamu tulizozipenda tulipokuwa wadogo, na jinsi zinavyoonekana tukiziangalia tena leo tukiwa watu wazima.

Vijana, ninyi mmezaliwa mkakuta filamu imo ndani ya simu. Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1994 tuliingia mwaka uleule vituo vya kwanza vya televisheni vya Tanzania Bara vilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo filamu ilikuwa kibandani. Kibanda chenyewe kilikuwa chumba cha mabati au cha makuti, televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao, na jenereta nje. Ukilipa kiingilio unakaa. Ukikosa, unatafuta tundu ukutani. Lugha ya filamu wengi hatukuielewa, lakini sheria zake tulizijua sote: kuna steringi na kuna adui, na steringi hafi.

Likizo ya Desemba iliyopita nilizitafuta filamu tatu ambazo kizazi chetu kilizijua kama kilivyojua wimbo wa taifa, nikaziangalia upya pamoja na watoto wangu. Nilichokigundua ni kwamba filamu ya zamani inaweza kuchakaa kwa namna mbalimbali, na namna hizo hazilingani uzito. Hilo ndilo ninaloomba tulitafakari leo.

Ya kwanza ni Commando, ya mwaka 1985, steringi wake Arnold Schwarzenegger. Wazee wenzangu, nasikia mnaguna. Naam, ndiyo hiyo. Mwanajeshi mstaafu ametekewa binti yake, naye anakwenda peke yake kisiwani na kuangamiza jeshi zima. Enzi hizo hatukuona kasoro hata moja. Sasa iangalieni tena. Kuna gari dogo la manjano, Porsche, linagongwa na kulala ubavu mpaka upande mmoja umebondeka wote. Steringi analisimamisha kwa mikono yake, anaingia, anaondoka nalo, na gari ni zima kama limetoka dukani! Majengo yanapolipuka, baadhi ya askari wanaorushwa juu ni masanamu, na jicho la mtu mzima linayaona bila shida. Maadui mia wanamfyatulia risasi wasimpate, naye akifyatua moja wanaanguka watatu. Nchi inayopiganiwa, Val Verde, haimo katika ramani yoyote ya dunia.

Watoto wangu walicheka mpaka wakalia, na mimi nikacheka nao. Je, kuna hasara gani? Sioni kubwa. Hapa kilichochakaa ni ufundi tu. Aliyejua kutengeneza mlipuko mwaka 1985 amepitwa na anayejua zaidi leo, kama baiskeli ilivyopitwa na pikipiki. Filamu ya namna hii tuiweke kabatini pamoja na viatu vyetu vya zamani. Haitutoshi tena, lakini haikutudhuru.

Ya pili ni ya Kihindi, Amar Akbar Anthony, ya mwaka 1977, ambayo kanda zake zilizunguka miji yetu miaka mingi baada ya hapo. Ndugu watatu wanapotezana utotoni. Mmoja analelewa na Wahindu, wa pili na Waislamu, wa tatu na Wakristo. Wanapokuwa watu wazima, mama yao anagongwa na gari, nao wanalazwa vitanda vitatu sambamba kumtolea damu bila kujua kwamba ni mama yao. Damu inatoka katika mikono yao mitatu, inapanda juu katika chupa moja, kisha inashuka kwa mama. Mwanangu aliye Kidato cha Pili aliisimamisha filamu akaniuliza, “Baba, damu inapandaje juu yenyewe? Na makundi ya damu yamepimwa saa ngapi?”

Maswali yake ni sahihi, na mwalimu wake wa biolojia anastahili pongezi. Hata hivyo filamu ile haikuporomoka machoni petu. Watoto waliikalia karibu saa tatu mpaka mwisho, na yule yule mwenye maswali ndiye aliyekataa kwenda kula. Kwa nini? Kwa sababu filamu ile haikutuambia, “Hivi ndivyo hospitali inavyofanya kazi.” Ilitoa mfano, kama hadithi za sungura na fisi zinavyotoa mfano, na mfano wenyewe ni kwamba watoto wa mama mmoja wanaweza kusali mahali tofauti na damu yao ikabaki moja. Anayesikia hadithi ya sungura haulizi sungura alijifunza wapi kusema. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa cha uongo katika vijambo vyake vidogo na kikasimama katika jambo lake kubwa.

Sasa nafika kwa ile ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Inaitwa The Gods Must Be Crazy, ya mwaka 1980. Wengi tuliiita filamu ya chupa ya soda. Rubani anatupa chupa ya Coca-Cola kutoka angani, inaangukia kwa watu wa Kalahari, inaleta ugomvi, na mzee mmoja anafunga safari kwenda mwisho wa dunia kuitupa. Ukumbi mzima ulikuwa ukicheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa ufundi filamu hii haikuchakaa sana. Ile gari isiyo na breki bado inachekesha. Ubovu wake uko mahali pengine, na kwa udogo wetu hatukuwa na njia ya kuuona.

Filamu ile ilitangazwa duniani kama filamu ya Botswana, lakini aliyeitengeneza ni Jamie Uys, raia wa Afrika Kusini, na fedha zake zilitoka Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, nchi hiyo ikiwa imewekewa vikwazo. Msimulizi anatuambia kwa sauti ya kitaalamu kabisa, kama mtu anayefundisha somo la jiografia, kwamba watu wale hawajui kumiliki, hawajui sheria wala hakimu, wala hawana habari na ulimwengu wa nje. Amar Akbar Anthony haikudai kufundisha, hii ilidai. Na ilichofundisha hakikuwa kweli.

Yule mzee mwenyewe jina lake ni N!xau, mtu wa Namibia, aliyefariki mwaka 2003. Kabla ya filamu alikuwa amefanya kazi ya upishi shuleni. Wanafunzi, hebu fikirini: mtu anayejua sufuria, kuni na zamu ya chakula cha watoto wa shule aliambiwa aigize kwamba chupa ni muujiza! Akaigiza vizuri mno hata dunia nzima ikaamini. Huo ulikuwa ufundi wa mwigizaji, na dunia ikauita ujinga wa mshamba.

Wakati ule ule, watu wa kabila lake kule Tsumkwe walikuwa wamekusanywa katika makazi yaliyowekwa na utawala wa Afrika Kusini, wakila posho ya unga, ulevi ukiwamaliza. Tangu miaka ya 1970 jeshi la Afrika Kusini liliwaandikisha wengi wao kupigana na SWAPO. Na wapigania uhuru wanaonekanaje katika filamu? Ni kundi la wapumbavu wenye bunduki, wanaokimbia hovyo na kuteka watoto wa shule.

Ndugu zangu, nchi yetu ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1963 mpaka kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. Wapiganaji wa SWAPO walipata mafunzo pale Kongwa, Dodoma, miaka ya 1960. Baba zetu walichanga fedha kwa ajili yao. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Na kabla na baada ya siku hiyo, katika vibanda vyetu, watoto wa wachangaji wale walikuwa wakilipa kiingilio kuwacheka wapiganaji wale wale. Simlaumu mtoto yeyote kwa hilo. Mtoto hucheka kinachochekesha. Lakini mtu mzima akishajua, hana budi kusema.

Pengine mtaniuliza: hayo ni mambo ya Kalahari, yanatuhusu nini sisi? Nawajibu kwa jambo lililotokea katika bweni nililoishi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtoto wa Usandawe. Kama mjuavyo, Kisandawe kina vidoko, kama lugha zile za Kalahari. Baada ya filamu ile kuzagaa, alibandikwa jina la yule mzee wa chupa, na kila alipopita watu walimpigia vidoko. Yeye alicheka pamoja na wote, na alikuwa na cheko zuri. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumeketi kwenye msiba wa rafiki yetu, aliniambia kwamba siku za wageni baba yake alipokuja na kumsemesha Kisandawe, yeye alimjibu kwa Kiswahili, miaka yote minne. Mzee hakuuliza sababu. Alifariki bila kuuliza. Ndugu huyu amenipa ruhusa ya kulieleza jambo hili bila kulitaja jina lake, na leo watoto wake wanakijua Kisandawe kwa sababu aliamua hivyo.

Hiyo, waheshimiwa, ndiyo tofauti ya kuchakaa na kudhuru. Hakuna aliyepoteza lugha ya baba yake kwa sababu ya gari la manjano la Commando.

Katibu alinikataza kuzungumzia kazi, lakini naomba aniruhusu jambo moja. Sisi tunaoketi maofisini hatuamui kwa mafaili peke yake. Tunaamua pia kwa picha zilizomo vichwani mwetu, na nyingi ya picha hizo ziliingia tukiwa na miaka kumi, tukiwa tumekaa kwenye benchi la kibanda. Ofisa aliyeshiba picha ya watu “wasiojua kumiliki” akiletewa ombi lao la ardhi, atashangaa hata wanataka nini. Lakini mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao lugha yao nayo ina vidoko, walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na kule Botswana, katika filamu yule mzee anafikishwa mahakamani kwa kuua mbuzi na haelewi kinachoendelea. Katika maisha ya kweli, Desemba 2006, watu wa Kalahari waliokuwa wameondolewa katika hifadhi walikwenda wenyewe Mahakama Kuu, wakaishitaki serikali, wakashinda. Walijua sheria. Aliyeandika maneno ya msimulizi ndiye hakuwajua.

Basi tufanyeje? Sisemi tuzichome kanda. Sisemi watoto wakatazwe. Ukimkataza mtoto filamu, umemwonyesha njia ya kuitafuta. Nasema tuziangalie tena, na tuziangalie pamoja nao. Ninyi vijana mna filamu nyingi kwa wiki moja kuliko sisi tulizoziona kwa miaka minne, na vichekesho vifupi visivyo na idadi. Mnapocheka, chekeni. Kicheko ni afya. Lakini baada ya kucheka jiulizeni maswali matatu: Nani ametengeneza hiki? Nani anachekwa? Na huyo anayechekwa, kama angekuwa amekaa kwenye benchi letu, angecheka kweli au angecheka ili asibaki peke yake?

Ukikuta kasoro ni ya masanamu na magari, samehe ufurahi. Ukikuta uongo wa mfano, tafuta mfano wenyewe. Ukikuta uongo juu ya watu, usiupitishe kwa mdogo wako kama ulivyopitishiwa wewe. Na kama bweni lenu lina mwenzenu aliyebandikwa jina kwa sababu ya kitu mlichokiona kwenye simu, usiku wa leo mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake.

 Nawatakia walimu afya njema, na vijana wa Kidato cha Nne mitihani mema.