Bluberi Inavyojikinga na Baridi

Msikilizaji, leo tuko kwenye mashamba ya bluberi Marekani. Wakati wa kipupwe kichaka hiki huvumilia baridi kali sana. Hatari kubwa huja majira ya kuchipua, joto la mapema linapoyaamsha machipukizi ya maua kabla jalidi haijaisha. Usiku mmoja tu waweza kumkosesha mkulima mavuno ya mwaka mzima.

Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, akiwemo Lisa Rowland, walichunguza machipukizi hayo na kukuta protini ziitwazo dehidrini. Baridi ikiingia, dehidrini huongezeka. Joto likirudi, hupungua, na ustahimilivu wa mmea hushuka pamoja nazo. Protini hizi husaidia kuzilinda seli zinapopungukiwa na maji kwa sababu ya barafu.

Lakini jeni zinazohusika ni nyingi, tena bluberi ndefu ya kaskazini ina seti 4 za kromosomu. Sisi binadamu tuna 2. Ndiyo maana kuzalisha aina mpya huchukua miaka mingi, na utafiti huu unastahili fedha na subira. Nawe mkulima, ukiuziwa mche unaosifiwa kustahimili baridi, uliza kwanza ulijaribiwa wapi.