Uzito wa Neno "Najua"

Hotuba kwa waumini na walimu katika siku za Jubilei



Tumepewa nafasi ya kusema nanyi maneno machache katika siku hizi za furaha. Wenzetu wamekwisha kueleza habari za ujenzi wa makanisa na shule, na habari za wale waliotutangulia katika kazi. Sisi tumechagua neno moja tu, neno dogo ambalo kila mmoja wetu hulitamka tangu kukucha hata kuchwa, nalo ni neno "najua". Twataka kuuliza: Mtu asemapo "najua", amejitwika mzigo gani? Tena, je, mzigo huo ni mmoja mahali pote na saa zote?

Tuchukue mfano katika mambo yetu ya kila siku hapa Kitura. Ni mwezi wa Machi, mvua zanyesha. Kijana mmoja apita nyumbani kwa mzee, auliza, "Shikamoo, babu. Je, daraja la magogo kule bondeni lapitika?" Mzee ajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Lapitika, najua, juzi nimepita mwenyewe." Kijana ashukuru, aenda zake. Hana mzigo mkononi ila fimbo yake. Akikuta gogo limechukuliwa na maji, atarudi. Hasara yake ni kuchoka miguu.

Jioni ile ile waja watu wanne wamechukua mama mjamzito juu ya machela. Uchungu umemshika, nao wampeleka zahanati. Njia ni mbili: ya bondeni ni fupi, ya kuzunguka mlimani ni ndefu, lakini haina mto. Wamwuliza mzee swali lile lile, neno kwa neno. Safari hii mzee hasemi "najua". Asema, "Wanangu, juzi nilipita, ila usiku wa jana mvua imenyesha sana. Sijui hali ya daraja sasa. Kaeni kidogo, kijana akimbie akatazame. Au pandeni mlimani mara moja."

Ndugu, je, mzee huyu alimdanganya yule kijana wa kwanza? La, hata kidogo. Je, amesahau jambo alilolijua asubuhi? Wala hakusahau. Macho yake ni yale yale, na ushahidi wake ni ule ule wa juzi. Kilichozidi ni mzigo uliowekwa juu ya neno lake. Asubuhi neno lilichukua miguu ya kijana mmoja. Jioni lachukua roho mbili, ya mama na ya mtoto. Uzi uwezao kufunga mfuko wa chumvi hautoshi kufunga ng'ombe, wala hatusemi kwamba uzi umeharibika. Kadhalika ushahidi uliotosha kwa jambo dogo haukutosha kwa jambo kubwa.

Hapa yafaa tuangalie sana, mtu asije akatoka akisema, "Katekista amefundisha ya kuwa kweli hugeuka." Sivyo. Daraja lipo au halipo. Kweli yake haingoji maneno yetu. Mto haujali nani auliza. Kinachogeuka ni kile tunachodaiwa sisi kabla ya kusema "najua". Hilo ndilo neno letu la leo: kujua hupimwa kwa kazi ile iliyo juu yake.

Sasa tushuke milimani mpaka ufukoni kwa Ziwa Nyasa, tuone mfano uliotokea kweli. Pale Liuli, palipoitwa Sphinxhafen zamani za Wadachi, palikuwa na meli yao iitwayo Hermann von Wissmann. Upande wa Waingereza ilikuwako meli Guendolen. Manahodha wa meli hizo, Rhoades Mwingereza na Berndt Mdachi, walikuwa wakifahamiana vizuri. Walikuwa marafiki, wakila na kunywa pamoja walipokutana. Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza ilitangaza vita juu ya Ujerumani. Habari ilifika upesi kwa Waingereza wa Nyasa, lakini haikumfikia Berndt. Basi tarehe 13 Agosti, siku 9 baadaye, Guendolen ilifika Liuli ikaipiga kwa mzinga meli ya Wadachi, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Berndt alighadhibika, akaingia katika mashua ndogo, akamwendea rafiki yake, akimwuliza kama amelewa. Ndipo alipoambiwa ya kuwa nchi zao zina vita, akashikwa akawa mfungwa.

Nahodha yule hakuwa mjinga. Alilijua ziwa, aliijua meli yake, alimjua rafiki yake. Mwezi wa Julai, mtu angalimwuliza, "Guendolen ikija, tuogope?" naye akajibu, "La, namjua nahodha wake," neno lake lingalikuwa jema, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini kujua kwake kulisimama juu ya jambo lililo mbali naye, yaani amani ya wafalme huko Ulaya. Amani ile ilipoondoka, ujuzi wake ulibaki bila mguu, naye hakusikia unapoanguka. Tujifunze hapa: mengi tunayoyajua yategemea mambo mengine tusiyoyaona, na saa zipitapo hatuna budi kuuliza kama yale ya chini yangalipo. Mtu ajuaye bei ya kahawa ya mwaka jana hajui bei ya mwaka huu, ingawa mdomo wake watamka hesabu kwa uhodari.

Kanisa limeijua hekima hii tangu zamani. Watu wawili watakapo kufunga ndoa, kijiji chote chawajua. Bibi zao waliwabeba mgongoni, walicheza pamoja, kila mtu asema, "Hawa twawajua, hawana kizuizi." Walakini kwa desturi majina yao hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na kila mwenye kujua kizuizi aombwa aseme. Kwa nini? Je, padre awaona watu kuwa waongo? Sivyo. "Twawajua" ile ya kijijini yatosha kwa kuwasalimu, kuwakopesha jembe na kuwaalika shambani. Bali ndoa ni kifungo cha maisha yote, hata na watoto wasiozaliwa bado wamo ndani yake. Kwa hiyo neno "twajua" laitwa mara tatu litokee mbele ya watu wote, lijaribiwe.

Ikiwa twadai hivyo kwa jambo la furaha, tutadai nini kwa jambo la kuangamiza mtu? Hapa tumefika mahali penye uchungu, wala hatutapapita kimya. Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Bibi yule ni mchawi. Kijiji kizima chajua." Basi kaa chini na watu hao, mwulize mmoja mmoja: Wewe wajuaje? Wa kwanza asema aliota ndoto. Wa pili alifiwa na mtoto, naye katika majonzi yake alitafuta wa kulaumu. Wa tatu alisikia kwa wa pili. Wa nne alisikia kwa wa tatu, akaongeza macho mekundu ya bibi, yaliyowekundushwa na moshi wa jiko la kuni kwa miaka mingi. Waliobaki wote walisikia sokoni. Ndugu zangu, maneno mia yaliyotoka katika kinywa kimoja ni neno moja, wala si mia. Na kwa "kujua" kwa namna hii nyumba za wajane zimechomwa katika nchi yetu, na wazee wamekufa.

Watu wale hawangekubali kuuza mbuzi kwa ushahidi mwembamba namna ile. Angekuja mtu akisema, "Mbuzi huyu ni wangu, nimeota," wangemcheka. Je, roho ya bibi kizee ni nyepesi kuliko mbuzi? Basi twawasihi, hasa ninyi vijana wenye nguvu ambao hutangulizwa mbele katika fujo: mkisikia "kila mtu anajua", ulizeni hapo hapo, "Nani ameona, na ameona nini?" Asipopatikana mtu wa kujibu, rudini nyumbani.

Tumesema habari za watu wanaotumia neno "najua" upesi mno. Lakini liko kosa la upande wa pili, nalo ni kumnyima mtu sifa ya kujua kwa kuwa hana maneno ya shule. Tutazameni milima yetu ya Umatengo. Wazee husimulia jinsi vita vya Wangoni, katika karne ya 19, vilivyowasukuma babu zetu wakae wamebanana milimani, mahali penye miteremko mikali. Udongo wa mteremko, ukilimwa ovyo, mvua huuchukua wote hata mtoni. Ndipo walipolima ngoro.

Ninyi mwajua kazi yake, lakini tuitaje kwa ajili ya wageni watakaosoma kitabu hiki. Mvua zinapokaribia mwisho, majani hufyekwa, yakaachwa yakauke, kisha hupangwa juu ya shamba mistari kwa mistari, ikikatana hata kufanya miraba. Kisha mama zetu huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani yale. Hivyo katikati hubaki shimo, na pande zote nne tuta, na ndani ya tuta yamo majani yanayooza kuwa mbolea. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta; msimu wa mvua unaofuata hupandwa mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii. Kila shimo hunywa sehemu yake, na udongo unaochukuliwa huishia shimoni, hauondoki shambani.

Mwaka 1938 mtawala mmoja Mwingereza, Bw. A. H. Pike, aliandika habari za Wamatengo na jinsi wanavyouhifadhi udongo wao, katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walikuja wakakaa nasi kuchunguza kilimo hiki. Twawashukuru. Lakini swali letu ni hili: Je, mama zetu walianza kujua siku ile walipoandikwa? Sivyo. Mama asiyejua kuandika jina lake, mwulize kwa nini shimo lina ukubwa ule, pengine atakujibu tu, "Ndivyo tulimavyo." Ukimsahihisha kama mwanafunzi darasani, utampa sifuri. Bali mpeleke mtelemkoni umpe jembe. Mvua ya Januari ndiyo itakayomtahini, na shamba lake litajibu kwa ajili yake. Kazi iliyo juu ya ujuzi wake ni kushika udongo mlimani na kulisha watoto, nao ujuzi huo umeichukua kazi hiyo miaka zaidi ya mia.

Kadhalika mtaalamu wa kilimo cha tambarare ajua kweli, kwa tambarare yake. Na mama wa ngoro akihamishiwa bondeni, mahali maji yanapotuama, mashimo yake yataozesha maharage. Mwenye ujuzi akivuka mto na aulize upya, wala asione haya.

Sasa neno kwa walimu wenzetu. Twawauliza watoto maswali, nao hujibu kwa sauti moja, nasi hufurahi na kusema, "Wanajua." Je, wanajua kwa kazi gani? Mtoto aliyekariri hesabu za mara ajua vya kutosha kupita mtihani. Mpeleke mnadani akauze magunia matatu ya mahindi, pengine ataibiwa fedha mbele ya macho yake. Usimwite mjinga, wala usiseme kukariri hakufai, kwa maana hapo ndipo mwanzo. Lakini usimtwike ujuzi wa mtihani kazi ya soko kabla hujaujaribu. Muulizeni kwa namna ya pili na ya tatu. Mpeni kamba apime shamba la shule. Na sisi tufundishao dini tujipime kwa kipimo hicho: anayeweza kutaja amri zote kumi ajua kwa kazi ya kutaja, jirani zake ndio watakaosema kama ajua zaidi.

Basi tufunge maneno yetu kwa mashauri matatu, kila mtu ayachukue nyumbani.

La kwanza: kabla hujasema "najua", tazama kitu kitakachowekwa juu ya neno lako. Kikiwa kidogo, jibu upesi, usiwachoshe watu kwa mashaka. Kikiwa ni uhai, ndoa, mali au jina la mtu, simama kwanza, ukatazame tena.

La pili: tumia maneno ambayo lugha yetu imetujalia. Kuna "nimeona", kuna "nimesikia", kuna "nadhani", kuna "wasema". Kila moja lina kazi yake, wala si aibu kusema "nadhani". Aibu ni kuivika dhana nguo ya ujuzi ili ipite mbele ya watu.

La tatu: usidharau ujuzi wa mkono kwa kuwa kinywa chake ni kizito. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tumwulize alalaye.

Mwenyezi Mungu, ajuaye mioyo ya watu wote, atujalie sisi tujuao sehemu ndogo tuseme kweli kwa kadiri yetu.