Injini Iliyokufa Kitonga

(Maneno ya mwanachama mmoja kwa wanafunzi na wanachama wenzake, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Katibu aliponiandikia alipendekeza nizungumze juu ya elimu na maendeleo. Nimemwomba radhi. Mimi ni mtumishi wa serikali, na mambo hayo nayaandika ofisini kila wiki. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyoua injini ya gari langu mwaka 2013, pamoja na jambo jingine la siku hiyo ambalo humu ukumbini wanalijua watu wawili tu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, nililolinunua likiwa limekwisha kutumika. Miezi miwili kabla ya safari niliona matone ya maji chini yake kila asubuhi. Fundi wa mtaani alilitazama akasema pampu ya maji inavuja. Pampu mpya na kazi yake, shilingi 85,000. Nikamwambia nitarudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, na kamati tatu za harusi nazo zikafika. Basi nikanunua dumu la lita 5, nikawa najaza maji rejeta kila alfajiri. Mke wangu akaniambia, "Baba, hilo gari litakuja kukulaza njiani." Nilimjibu kwamba gari nalijua mimi.

Wakati huo nilikuwa Mweka Hazina wa Chama hiki. Jumamosi moja wanachama wa Dar es Salaam tulikutana tukachanga shilingi 3,150,000 za mabati ya paa la maabara. Jumapili benki zilifungwa, nami nilikuwa naondoka alfajiri kuja huku kununua mabati hayo Iringa mjini. Fedha nikaziweka katika bahasha, bahasha katika mkoba, mkoba chini ya kiti. Pembeni yangu alikaa mtoto wa dada yangu, aliyekuwa Kidato cha Tatu hapa hapa, anarudi shuleni.

Tulipita Morogoro na Mikumi salama. Ruaha Mbuyuni tulisimama tukanunua vitunguu. Nilipaswa kufungua boneti na kutazama maji. Sikufungua, maana jua lilikuwa kali na nilikuwa na haraka. Tukaanza kupanda Kitonga. Wanaoifahamu njia ile wanajua: kona juu ya kona, na malori yaendayo Zambia na Kongo yanatambaa mbele yako, nawe unatambaa nyuma yake kwa gia ya kwanza, hakuna upepo wa kupoza kitu.

Kijana akasema, "Mjomba, mshale wa joto umepanda."

Nikamwambia tutasimama juu, penye nafasi. Baada ya dakika chache mshale ukaanza kushuka wenyewe. Nikafurahi. Nikamwambia, "Unaona? Limepoa." Hatukwenda mbali. Injini iligonga kama mtu anayepiga debe kwa nyundo, ikakata nguvu, ikazima, na moshi mweupe ukatoka nyuma. Nilipojaribu kuiwasha haikuzunguka.

Vijana, sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa jambo hili nililifundishwa katika maabara ile pale na nikalipatia alama nzuri. Kipimo cha joto hupima joto la maji yanayokizunguka. Maji yakiisha, kipimo hubaki kwenye hewa na mvuke, na mshale waweza kushuka wakati injini yenyewe inaungua. Kushuka kule nilikokushangilia ndiko kulikokuwa kilio cha mwisho. Tena, mfuniko wa rejeta umewekwa springi ili kushikilia msukumo, maji yasichemke upesi. Mfumo ukivuja, msukumo hupotea. Na kadiri unavyopanda mlima maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Iringa mjini, kwenye kimo cha mita 1,500 na zaidi, sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Mwisho, hedi ya injini ile ilikuwa ya alumini na mwili wake wa chuma. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Vikiungua pamoja hali vimefungwa kwa bolti, hedi hupinda na gasketi huungua. Yote hayo niliyajua. Niliyajua kwa ajili ya mtihani.

Lori la kuvuta magari lilitaka shilingi 350,000 kutufikisha Iringa. Mfukoni nilikuwa na 120,000. Simu ilikuwa mkononi, na mke wangu angeweza kunitumia fedha dakika ile ile. Nikaona aibu. Nitamwambia nini, na yeye alikwisha kuniambia? Nikavuta mkoba, nikafungua bahasha, nikahesabu 230,000.

Kijana akauliza, tena kwa adabu, "Mjomba, hizo si za shule?"

Nikamjibu, "Naazima tu."

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo la pili nililoahidi kuwaambia.

Iringa tulimkuta fundi mmoja mzee. Alichomoa kijiti cha oili, akanionyesha: oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia. Alifungua hedi, akaweka rula ya chuma juu yake, mwanga ukapita chini ya rula. Kuta za silinda zilikuwa zimekwaruzwa na pistoni. Akasema, "Mwanangu, injini imenoki. Lakini haikuanza kufa leo. Maji haya ulikuwa unayajaza tangu lini?" Nikamwambia miezi miwili. Akatikisa kichwa. Injini nyingine iliyotumika, pamoja na kuisafirisha kutoka Dar es Salaam na kuifunga, ingegharimu shilingi 2,850,000. Katika bahasha zilikuwa zimebaki 2,920,000.

Usiku ule katika nyumba ya wageni sikulala. Nilipiga hesabu kama afanyavyo mtu aliyesoma. Nilipe injini kesho, nikope SACCOS, nirudishe fedha mwezi ujao, mabati yachelewe kidogo, Chama kiambiwe kwamba bei imepanda. Hesabu ilikaa sawa kabisa. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuona hesabu ya namna hiyo: ni ile ya dumu la lita 5. Unajaza asubuhi, inavuja mchana, na kwa kuwa umejaza huoni kama inavuja. Na kijana naye hakuwa amelala. Akauliza gizani, "Mjomba, kesho mabati tutanunua?"

Nikatoka nje nikampigia mke wangu. Nilimweleza yote, pampu, Kitonga na bahasha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ungenipigia ukiwa barabarani." Asubuhi alinitumia 230,000 kutoka katika akiba ya chakula na nauli za mwezi mzima. Halafu nikampigia Mwenyekiti wa wakati ule. Akaniuliza jambo moja tu: "Unaniambia kabla ya kuzigusa au baada?" Nikamjibu, "Baada, kaka." Akasema, "Basi kanunue mabati, ukirudi tutazungumza."

Mabati tuliyanunua siku ile, tukapanda nayo lori hadi hapa, mimi na kijana tumekaa juu yake. Ndiyo yaliyo juu ya maabara hadi leo. Gari lilikaa gereji miezi mitano. SACCOS ilinikopesha fedha za injini, na mshahara wangu ukakatwa miezi 24. Kwa ajili ya shilingi 85,000.

Wanachama wapya huuliza kwa nini katiba yetu ina kifungu kisemacho fedha za Chama zilipwe benki moja kwa moja kwa muuzaji, wala zisibebwe na mtu mmoja. Chanzo cha kifungu hicho ni mimi. Nilijiuzulu uweka hazina, na wenzangu walikubali bila kunibembeleza. Walifanya vyema.

Kwa wenye magari nawaachia machache. Maji yakipungua mara mbili, usijaze mara ya tatu; tafuta panapovuja. Mshale ukipanda, simama hapo hapo palipo salama, uzime injini. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto, mvuke utakuunguza uso. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi, utaipasua. Na mshale ukishuka ghafla bila sababu, ogopa zaidi.

Kwa vijana nina neno moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Zamani nilidhani ni methali ya wagonjwa. Injini ile iliniponza kwa sababu niliona aibu kusema, "Sina 85,000 mwezi huu." Bahasha nayo niliifungua kwa sababu niliona aibu kusema, "Mke wangu, ulikuwa na haki." Huko mwendako, wengi wenu mtakabidhiwa vitu vya watu. Mkiona kinavuja, semeni siku hiyo hiyo, hata kama anayevujisha ni nyinyi.

Kijana yule sasa ni mtu mzima, na leo yumo humu ndani. Kabla ya kusimama hapa nilimwomba ruhusa ya kuyasema haya. Akaniambia, "Sema tu, Mjomba. Mimi nilikwisha kusahau." Najua hajasahau, nami namshukuru.