Kijana Asiyekuwamo Daftarini
(Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama)



Baada ya Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, vijana waliokutwa mijini bila kazi walikusanywa na kurudishwa vijijini wakalime. Wengi hawakukaa, wakaitwa wavivu. Lakini aliyerudi Bunda alikuta shamba ni la baba, ng'ombe ni wa baba, na daftari la chama lina jina la baba. Hali hiyo haijabadilika sana. Kijana hupalilia, hupulizia dawa, huchuma, hubeba mzigo hadi mizani. Stakabadhi huandikwa jina la mwingine. Uvivu uko wapi hapo?

Sababu nyingine iko Musoma. Kiwanda cha nguo cha MUTEX kiliposimama katika miaka ya 1990, ajira zake zilikwenda nacho. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama, vilivyokwisha kuvunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, vikadhoofika tena. Leo sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Kila robota linalovuka mpaka huondoka na kazi ya msokotaji, mfumaji na mshonaji. Kijana wa Butiama hubakiwa na msimu wa miezi michache, kisha pikipiki ya tajiri, mtumbwi wa dagaa usio wake, au mashimo ya dhahabu Tarime.

Chama cha msingi hakiwezi kujenga kiwanda. Kufungua daftari kinaweza. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 humtaka mwanachama awe ametimiza miaka 18. Haimlazimishi awe mkuu wa kaya. Baba mwenye eka nne akimkatia mwanawe eka moja mbele ya bodi, na hisa ikalipwa kidogo kidogo kutokana na mauzo, jina litaingia.

Wazee watanung'unika kwamba ardhi inagawanywa wangali hai. Hofu yao ina msingi, maana wapo vijana waliouza walichopewa. Kwa hiyo katibu aandike wazi kuwa eka imetolewa kwa kilimo, msimu hadi msimu, bila kuhamisha umiliki, na mzee atie sahihi.

Katika mkutano mkuu ujao kila katibu aje na hesabu mbili: vijana waliomo daftarini, na wale wanaoleta pamba kwa jina la mzee.