Mti wa babu uliupandwa na nani?



Wengi wetu tulitoka Fizi na Uvira, tukavuka Ziwa Tanganyika tangu 1996, tukapokelewa hapa Nyarugusu. Watoto waliozaliwa hapa wanasema parachichi, sisi tunasema avoka. Wanasema pasheni, sisi marakuja. Mandalina yetu huku ni chenza, na ngazi, ile inayotupa mawese, wenyeji wa Kigoma wanaiita chikichi. Si vibaya. Mtoto mwenye majina mawili hapotei sokoni. Embe halikubadili jina, kwa sababu misafara ya Waswahili wa pwani ililipanda njiani katika karne ya 19, Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa mpaka Kasongo. Hata mwembe wa mababu ulikuja kama mgeni!

Lakini nimekuja kusema juu ya shina. Wazee mnajua desturi: anayeazimwa shamba anaruhusiwa kupanda maharagwe, mahindi, mihogo. Mwembe au avoka, hapana. Mti unadumu, na kesho aliyeupanda atasema udongo ni wake. Ndiyo maana watu wakirudi kijijini, ugomvi wa shamba huanzia kwenye mti: nani aliupanda, na nani aliona? Wanaojua jibu ni wazee, na wazee wetu tunawazika huku.

Basi kila mzazi akae na watoto wake, awatajie miti ya nyumbani mmoja mmoja kwa jina la kwetu: aliyeupanda, jirani aliyekuwepo, mpaka unapopita. Iandikwe kwenye daftari. Miti iliyopandwa na mama iandikwe kwa jina la mama, maana hiyo ndiyo inayosahauliwa upesi, hasa akifiwa na mume. Na mti wa jirani usiuandike kuwa wako. Daftari la uongo linaweza kumwaga damu.

Kuna neno ambalo wazee wengine hawalipendi, nitalisema hata hivyo. Aliyebaki kule akapalilia mti wako miaka 20, asiitwe mwizi kabla hajasikilizwa. Mbele ya wapatanishi mnaweza kupatana: msimu huu avune yeye, unaofuata uvune wewe, mpaka neno la shamba liishe.

Asiyejua kuandika asione haya. Vijana wa shule wako hapa, watamwandikia baada ya kikao.