Upole Si Kunyamaza

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia, Tunduma)



Mada ya leo ni namna ya kufanya kazi na watu wagumu bila kupoteza utulivu na bila kupoteza haki. Ni mada inayotuhusu sana sisi wa Tunduma. Mji wetu umegusana na Nakonde ya Zambia. Tangu Oktoba 2019 nchi zetu mbili zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, lakini habari ya foleni ya malori hakuna asiyeijua. Mnyamwanga, Mnyiha, Mnyakyusa, Mkinga na dereva anayeelekea Kongo hukutana hapa, kila mmoja na haraka yake. Palipo na fedha na haraka, maneno makali hayako mbali.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba Mkristo mpole ni yule anayenyamaza. Lakini tukumbuke Bwana wetu alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani mkuu, kama anavyosimulia Yohana katika sura ya 18. Hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Alimtaka yule mtu aonyeshe kosa liko wapi, na kama halipo, aseme kwa nini amempiga. Huo ndio upole tunaouzungumzia: kusema ukweli wako wote bila kumvunjia mwenzako heshima.

Kunyamaza kuna gharama yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwanzoni mwa Aprili 2013 mji huu uliingia katika vurugu kwa sababu ya mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuza. Kwa desturi ya miaka mingi nchini, nyama ya buchani ilichinjwa na Waislamu ili kila mtu ale. Baadhi ya Wakristo walitaka kuchinja wenyewe. Barabara iliwekewa vizuizi, matairi yakachomwa, polisi wakatumia mabomu ya machozi. Miezi miwili kabla, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa aina hiyo hiyo ulikuwa umegharimu maisha ya mchungaji. Hatukuja leo kuamua nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba dukuduku likikosa mahali pa kusemwa kwa utulivu, hutafuta njia ya mawe na moto. Mahali hapo pa kusemea, ndugu zetu, panaweza kuwa kikao chako wewe mwanakamati.

Sasa tuje kwenye vitendo. Tuchukue mfano wa mama anayeuza mahindi. Dalali anataka gunia la lumbesa, lile lililoongezwa kichwa juu. Sheria ya Vipimo hairuhusu, kwani gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Dalali anapaza sauti: "Mama, wenzako wote wanafunga hivi! Kama hutaki, oza na mahindi yako!" Mama akitukana, biashara imekufa. Akinyamaza na kufunga lumbesa, ameibiwa jasho lake. Ipo njia ya tatu:

"Kaka yangu, nimekusikia, nawe unatafuta riziki. Gunia langu nimelipima, ni kilo 100. Lumbesa sifungi. Ukitaka zaidi, tuweke kwenye mizani, na kilichozidi ukilipie."

Tazameni alivyofanya. Kwanza, ameonyesha kwamba amemsikia mwenzake. Pili, ametaja jambo lenyewe, yaani kilo, bila kumwita mtu mwizi. Tatu, amesema wazi asichokubali, kwa maneno machache. Nne, ameacha mlango wazi. Dalali akirudia kelele, mama arudie sentensi yake ile ile kwa sauti ile ile. Hana haja ya kutafuta maneno mapya kila mara. Maneno mengi ndiyo huleta ugomvi. Na akina mama kumi wakisimama na sentensi hiyo moja, dalali atapata shida kuwapita wote. Akiendelea kulazimisha, Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo.

Ndani ya kamati zetu pia kuna mitihani. Mzee anayeheshimika amekopa katika kikundi cha kuweka na kukopa, muda umepita, na kila akikumbushwa anafoka kwamba anadharauliwa na watoto. Msimsute mbele ya kikao. Waende wajumbe wawili, wamwamkie kama baba yao: "Shikamoo, mzee. Heshima yako iko pale pale. Deni lako ni hili katika daftari, na wanachama wanasubiri zamu zao. Tunaomba utuambie utaanza kulipa lini na kiasi gani." Wakishasema hivyo wanyamaze, wamwachie nafasi ya kujibu. Jibu liandikwe, naye aweke sahihi.

Lakini tusidanganyane: si kila mtu mgumu ni wa kuzungumza naye. Mlevi mwenye panga haelimishwi, ondoka. Na mama anayepigwa nyumbani asiambiwe akaongee na mumewe kwa upole zaidi. Kamati imsindikize kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na asiachwe aende peke yake. Utulivu ni silaha ya mazungumzo, usigeuzwe kuwa mzigo wa anayeumizwa.

Kwa wafadhili wetu wanaosoma jarida hili tunasema: mizani na daftari mnavyotusaidia kununua vina faida pale tu mweka hazina anapoweza kusema "hapana" bila kutetemeka na bila kutukana. Ndiyo maana mafunzo haya tunayahesabu kuwa sehemu ya mradi.

Tunaomba kila kamati, katika kikao kijacho, itenge nusu saa. Wajumbe wawili waigize, mmoja awe mtu mgumu, mwingine ajibu kwa hatua zile nne, kisha wabadilishane. Chagueni pia jambo moja ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema, mliweke kwenye ajenda, na lisemwe kwa heshima hadi limalizike.