Bomba la Broad Street
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya watu waliotangulia kuiendeleza afya ya umma huko Uingereza. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali, nitaanza na mtumishi mwenzangu aliyekosea.

Edwin Chadwick alikuwa hodari wa kazi. Taarifa yake ya mwaka 1842 juu ya uchafu wa makazi ya maskini iliwashtua wengi. Lakini aliamini, kama wakubwa karibu wote wa siku zile, kwamba maradhi huletwa na uvundo. Basi mwaka 1848 na 1849 mifereji ya London ikasukumwa kwa maji, na kinyesi kikaingia Mto Thames, ambao watu wengi waliunywa. Kipindupindu cha miaka hiyo kiliua watu wapatao 14,000 mjini humo.

Daktari John Snow, mtoto wa kibarua wa York, alisema ugonjwa umo majini. Hakusikilizwa. (Nimekaa ofisini miaka mingi, najua faili la mtu asiye na cheo hulala wapi.) Mwaka 1854 alizunguka kusini mwa London akiuliza kila penye msiba: maji yenu ni ya kampuni gani? Kampuni moja ilivuta maji penye uchafu. Ya pili ilikuwa imehamia juu ya mto. Katika kila nyumba 10,000, ya kwanza ilipata vifo 315, ya pili 37.

Mwaka huo huo kipindupindu kiliangukia Broad Street. Snow aliwaonyesha viongozi wa mtaa hesabu ya wafu, na tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa. Tusitie chumvi: yeye mwenyewe aliandika kuwa ugonjwa ulikwisha anza kupungua. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani hawakufa hata mmoja, maana walikunywa bia. Naona nyuma huko mnacheka.

Kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, alianza uchunguzi wake ili ampinge Snow. Akakuta mama mmoja alikuwa amemwaga maji ya nepi za mtoto mgonjwa katika shimo karibu na kisima. Akakubali kwamba Snow alisema kweli.

Snow alifariki mwaka 1858, umri miaka 45, wakubwa wangali wanasitasita. Mwaka 1866 William Farr, mtunza hesabu za vifo aliyeshikilia uvundo muda mrefu, aliandika waziwazi kuwa ni maji. Naye Whitehead aliweka picha ya Snow katika chumba chake cha kusomea.